Sampuli zetu, swali la kwao

Hii ni hotuba niliyoitoa Lindi mjini mbele ya walimu wa sayansi na wanafunzi wa kidato cha tano na sita. Watu waliniomba niiandike, nimeiandika karibu kama nilivyoongea, nimeruka tu pale nilipokuwa nagombana na kipaza sauti.

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu mliokaa mbele shikamooni, walimu habari za asubuhi, na nyie vijana mliojazana huko nyuma kama vile mbele kuna mtihani, mambo vipi.

Mwalimu amenitambulisha kama mwanasayansi mkubwa, namshukuru kwa heshima hiyo ila tusidanganyane, mimi ni mtu wa maabara tu, kazi yangu tangu ujana ni kutoboa watu vidole, kupaka damu kwenye slaidi, kujaza fomu na kulinda friza isiyeyuke. Nimefanya hivo kwenye miradi ya utafiti huku huku kwetu Kusini, Nachingwea, Ruangwa, Newala, Tandahimba, kwa hiyo ninayosema leo mengine nimeyasoma na mengine nimeyabeba mwenyewe juu ya bodaboda, boksi la barafu mapajani.

Sasa mada niliyopewa inauliza kwa nini nchi maskini hazifanyi utafiti wa sayansi kama nchi tajiri. Mimi naikataa hiyo mada, samahani mwalimu. Utafiti kwetu unafanyika, tena siku nyingi tu, kabla hata babu zetu wengine hawajazaliwa. Cha kuuliza ni nani anauliza swali la utafiti, nani anailipia, na kinachopatikana kinakwenda kukaa wapi. Ukishika hayo matatu mengine yote utayaelewa mwenyewe.

Tuanze na hapa nyumbani. Kuna anayetoka upande wa Mipingo humu ndani? Haya, nakuona. Wewe ndo mwenyeji wa Tendaguru, kilima kile cha mijusi, kama kilomita 60 hivi kutoka hapa mjini kwenda kaskazini-magharibi. Mwaka 1906 mhandisi wa madini wa Kijerumani, Bernhard Sattler, alikuta mifupa mikubwa ya dinosa, mijusi ya kale, imetokeza ardhini. Huo mwaka wenyewe mjue ni wakati wa Majimaji, watu wanauawa na njaa imetandazwa Kusini yote. Miaka mitatu baadaye, 1909, jumba la makumbusho la Berlin likaleta msafara, wakuu wake Werner Janensch na Edwin Hennig, wakachimba mpaka 1913. Msimu ukichanganya walikuwa wanafanya kazi watu wetu kama 500 kwa wakati mmoja. Msimamizi mkuu wa uchimbaji na usafishaji wa mifupa aliitwa Boheti bin Amrani, yeye ndo alikuwa na mkono, anajua mfupa upi uguswe vipi usivunjike, halafu vijana wanaukandika udongo, wanaufunga na mianzi, unabebwa kichwani kwa siku kadhaa mpaka bandari hii hii ya Lindi, unapanda meli. Zaidi ya tani 200. Mwaka 1937 dinosa mmoja akasimamishwa Berlin, urefu wake kwenda juu unazidi mita 13, na mpaka leo watu wanalipa kiingilio kwenda kumtazama.

Angalieni majina sasa. Mjusi mmoja mdogo wa Tendaguru alipewa jina la jenerali wa Kijerumani Lettow-Vorbeck, yule wa vita ya kwanza, ambaye kwenye mifupa hakugusa hata kokoto. Boheti aliyeshika kazi kwa mikono yake alisubiri mpaka 2007 ndo akapatikana dinosa wa kubeba jina lake, Australodocus bohetii. Na Wamwera, ndugu zangu mliomo humu, mlisubiri mpaka 2019, Wamweracaudia keranjei, hilo la pili ni la Mohammadi Keranje aliyesimamia shimo mojawapo la uchimbaji. Miaka mia na kitu imepita watu wakiwa kaburini. Nashukuru walikumbukwa, sisemi vibaya, waliowakumbuka nao ni wanasayansi wa huko huko Ulaya, ila mnaona foleni ilivyokaa.

Kuna ubishi wa siku nyingi kama ile mifupa irudi au ibaki. Wabunge wameisemea, na 2018 Balozi Mahiga akiwa waziri wa mambo ya nje alisema serikali haitadai irudishwe, itataka ushirikiano kwenye uchimbaji na utafiti. Mimi ugomvi wangu hauko hapo sana. Ugomvi wangu ni kwamba kijana wa Lindi leo akitaka kuusoma mfupa uliotoka kijijini kwa bibi yake anaanza na fomu ya viza. Na viza mnazijua. Mwaka 2022 mkutano mkubwa wa dunia wa UKIMWI ulifanyika Montreal, Kanada, na wajumbe wengi wa Afrika walinyimwa viza au hawakujibiwa kabisa, yaani ugonjwa wenye mzigo mkubwa zaidi kwetu unajadiliwa na sisi tuko nje ya mlango tunafuatilia kwenye simu, bando likiisha na mkutano umeisha.

Tutoke kwenye mifupa twende kwenye homa, hapo ndo kazi yangu ilipo.

Chikungunya. Jina la Kimakonde hilo, wa Newala hamhitaji kufundishwa. Mwaka 1952 mpaka 1953 ulilipuka ugonjwa kwenye uwanda wa juu wa Makonde, homa kali na viungo vinauma mpaka mtu anashindwa kunyooka. Daktari Marion Robinson akaandika dalili, Lumsden akaandika ulivyosambaa, zikatoka 1955 kwenye jarida la Uingereza. Damu ya mgonjwa ilipelekwa Entebbe, Uganda, kwenye maabara ya virusi ya Afrika Mashariki, na Ross akakipata kirusi chenyewe 1953. Kwa hiyo mjue kabisa, kwenye vitabu vya udaktari vya dunia nzima, Mtwara ipo, ukurasa wa kwanza wa habari ya ugonjwa huu.

Halafu ikawaje? Hapo kati jeshi la Marekani walijaribu chanjo, kwa kirusi kilichotoka Thailand, wakaifikisha mbali kidogo wakaiweka pembeni. Afrika na Asia watu waliendelea kuugua kama kawaida. Mpaka 2005 na 2006 homa ikaingia kisiwa cha Réunion, na Réunion ni Ufaransa ile, wanatumia euro. Ikagonga kama theluthi moja ya watu wa kisiwa. 2007 ikaonekana Italia. Mwishoni mwa 2013 ikaingia visiwa vya Karibi, mwaka uliofuata Amerika yote inalia. Baada ya hapo ndo makala za utafiti zikaanza kumiminika na hela zikapatikana.

Novemba 2023 chanjo ya kwanza ikapitishwa Marekani, inaitwa Ixchiq, ya kampuni ya Valneva, na kirusi walichokifanyia kazi ni cha Réunion. Wa kwanza kuipata ni nani? Mtalii anayekwenda nchi za joto. Jamani mimi sina shida na mtalii, aje, tena aje Mikindani na Kilwa anunue na samaki, ila fikiria, kutoka Newala 1952 mpaka chanjo ni miaka 71, na ikija inakuja kwanza kwa yule anayepita siku kumi, siyo kwa anayeishi na mbu. Niseme na upande wa pili nisije nikaonekana mchochezi: ziliwekwa fedha za kimataifa ili chanjo hiyo itengenezwe pia Brazil na India kwa bei ya nchi za kipato kidogo, na 2025 Marekani walisimamisha leseni yake kwa sababu ya madhara makali yaliyoripotiwa, wazee hasa. Kwa hiyo hata hiyo yenyewe bado ina mambo. Ila mpangilio mmeuona, ugonjwa unakuwa ugonjwa siku ukimfikia mwenye hela.

Na hili halijaanza jana. Mwaka 1990 tume ya kimataifa ya utafiti wa afya ilitoa hesabu, kwamba mwaka 1986 dunia ilitumia dola bilioni 30 kwenye utafiti wa afya, na zilizokwenda kwenye matatizo ya nchi zinazoendelea zilikuwa kama asilimia 5, wakati nchi hizo ndo zilikuwa zinabeba asilimia 93 ya vifo ambavyo vingeweza kuzuilika. Tangu hapo hela za malaria, kifua kikuu na UKIMWI zimeongezeka sana, huo ni ukweli na mimi nimekula mshahara wake. Lakini swali bado linaandikwa kule.

Mnajua mradi unavyoanza? Watu wengi wanafikiri kuna mtu aliona tatizo Ruangwa akaamua alitafiti. Hapana. Kuna mfuko mahali, London au Washington au Geneva, unatangaza kwamba mwaka huu tunatoa hela kwa jambo fulani, maprofesa wa vyuo vikubwa wanaandika maombi, na kwa sababu sharti linasema lazima kuwe na mshirika wa nchi husika, ndo barua pepe inaingia Tanzania wiki mbili kabla ya dirisha kufungwa: jamani mnaweza kusaini hapa. Mnasaini. Nani atakataa, mishahara ya watu arobaini ipo humo. Basi swali limeshaandikwa, bajeti imeshagawanywa, mashine itanunuliwa kule, uchambuzi utafanyika kule, sisi tumewekewa kukusanya. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema, na mwenyeji kweli anapona kwa ile miaka mitatu ya mradi, mradi ukiisha gari linaondoka na kompyuta zinaondoka na vijana niliowafundisha mimi mwenyewe kusoma slaidi wanaenda kuuza vocha.

Nikueleze sampuli inavyosafiri, maana hili halipo kwenye vitabu vya fizikia na kemia. Unafika kijijini asubuhi, mwenyekiti kashawakusanya watu, unasoma fomu ya ridhaa kurasa tatu, Kiswahili chake kama cha mahakamani, mama anaelewa nusu, anaweka dole gumba. Unamtoboa kidole, matone yanaingia kwenye karatasi ya chujio, kila tone kwenye duara lake, ukiligusa na kidole umeliharibu. Unaiacha ikauke kivulini, usiharakishe kwa jua, halafu unaitia kwenye kimfuko cha plastiki pamoja na kile kipakiti kidogo cha kunyonya unyevu, chenye vipunje vinavyobadilika rangi vikishiba maji, unabandika namba. Jina la mama linabaki kwenye daftari kabatini, kinachosafiri ni namba. Jioni vimfuko vinaingia kwenye friza, umeme ukikatika usiku unaamka kuwasha jenereta hata kama una homa, kisha Dar, kisha vibali, kisha ndege. Ile karatasi inafika Ulaya ikiwa safi na kavu. Mimi sijawahi kufika.

Sasa Tandahimba mama mmoja, ana mtoto mgongoni, ananiuliza majibu yanarudi lini. Nikamjibu tulivyofundishwa kujibu, matokeo yatatolewa baada ya uchambuzi kukamilika. Mradi wenyewe siutaji, siyo lengo langu. Miaka ikapita, siku moja natafuta kitu kingine kwenye intaneti nikakutana na makala, naona vijiji vyangu vile vile kwenye ramani, nikafurahi bwana, nikabofya nisome. Ikaniambia lipa dola thelathini na kitu. Damu nimeitoa mimi, jenereta nimewasha mimi, na kusoma nilipie mimi! Kwenye orodha ya waandishi Watanzania walikuwepo, katikati, pale ambapo hakuna anayesoma. Yule mama sijui kama kuna mtu alimrudia. Kisheria kila kitu kilikuwa sawa, vibali vya COSTECH, tume ya sayansi, na NIMR, taasisi ya utafiti wa magonjwa, vilikuwepo, hakuna aliyeiba kitu, na ndo maana nasema tusiishie kutafuta mwizi.

Watu wakalalamika dunia nzima kuhusu hilo la kulipia kusoma, basi wakabadilisha: kusoma bure, anayelipa ni mwandishi. Ilionekana ni ukombozi. Jarida la Nature lilipotangaza bei yake ya kuanzia 2021 ilikuwa euro 9,500, au dola 11,390, kwa makala moja. Kwa wakati ule hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 26. Wachapishaji wa majarida makubwa wana msamaha kwa nchi za kipato cha chini kabisa, ila ukipanda kidogo, baadhi yao walikuwa wanakupa punguzo tu. Na Julai 2020 Benki ya Dunia ilitangaza Tanzania imeingia kipato cha kati, tulishangilia, redioni ilikuwa shangwe wiki nzima, mtafiti wa chuo akafungua kompyuta yake akakuta kwenye baadhi ya majarida msamaha umekuwa nusu bei.  

Idadi ya watu wenyewe wa kufanya kazi ndo usiseme. Kwa takwimu za UNESCO za 2018, Afrika kusini mwa Sahara ilikuwa na watafiti kama 124 kwa kila watu milioni moja. Wastani wa dunia unazidi 1,300. Korea Kusini karibu 8,000. Chukua mkoa wetu, sensa ya 2022 Lindi tupo kama milioni 1.2, kwa wastani wa Afrika hiyo ni watu 150 hivi mkoa mzima, wanatosha humu ukumbini na viti vinabaki. Kwa wastani wa Korea tungekuwa na zaidi ya 9,000. Hapo hata ukileta hela kesho asubuhi, nani atazifanyia kazi?

Na hela ya mtu ina mwenyewe. Januari 2025 Marekani wakasimamisha misaada yao kwa amri ya siku moja, Julai USAID, shirika lao la misaada, ikafungwa. Afrika Kusini, ambao sisi tunawaona matajiri, walikuwa na mradi wa majaribio ya chanjo ya UKIMWI unaoongozwa na Waafrika wenyewe, Profesa Glenda Gray na wenzake, umesimama vizuri, hela zaidi ya dola milioni 45 zikakatwa. Wao ndo walikuwa wanauliza swali, na bado mwenye pochi akaondoka nalo. Kwa hiyo msije mkafikiri ukishapewa jina la kiongozi wa mradi basi umemaliza.

Hata ukiwa mwema kupita kiasi hulipwi wema. Novemba 2021 wanasayansi wa Afrika Kusini na Botswana waliiona Omicron, aina mpya ya kirusi cha korona, wakaitangaza haraka, wazi, dunia ijiandae. Ndani ya siku chache wakafungiwa ndege. Wengine wanashindwa kusahau, mimi mmojawapo.

Sasa walimu wangu mnakaa mnatikisa vichwa, wazungu wazungu, na mimi nataka nihame upande. Maana sisi watu wa korosho tunaelewa vizuri kuliko mtu yeyote nchini maana ya kuuza kitu ghafi. Korosho inatoka Masasi na maganda yake, inakwenda India na Vietnam, inabanguliwa kule, inarudi kwenye kipakiti kwenye ndege, bei mara kumi. Data na damu vinakwenda hivo hivo. Ila je, anayetuzuia kubangua ni Mhindi?

Naliendele. Wa Mtwara mnapita pale kila siku mnaona miti. Kile kituo cha utafiti wa kilimo ni ushahidi kwamba tunaweza. Msimu wa 1973/74 nchi hii ilivuna korosho tani 145,000 hivi, kufika 1986/87 zimebaki kama 16,500. Sababu ni nyingi, watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa wakayaacha mashamba mbali, bei zikawa mbovu, na juu yake ukaja ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaokamata maua, ua likikauka hakuna korosho hata moja. Nani duniani angeamka kuutafiti ubwiriunga wa Tandahimba? Hakuna mtalii anayeugua ubwiriunga. Watafiti wa Naliendele ndo walikaa nao, hela za nje nazo zilisaidia, sikatai, wakajaribu salfa, lini ipulizwe, kiasi gani kwa mti, mara ngapi kwa msimu. Ikafanya kazi. Halafu wao wenyewe wakasema salfa peke yake siyo jibu, ni ghali, inaagizwa, na inatia tindikali kwenye hizi ardhi zetu za mchanga, basi wakaingia kwenye mbegu, wakina Dk. Peter Masawe na wenzake, miaka na miaka wanachagua miti, wanachavusha, wanabebesha, mpaka zikatoka aina zinazozaa sana na kuvumilia ugonjwa. Msimu wa 2017/18 tukavuna zaidi ya tani 313,000. Sasa watu wa nchi nyingine za Afrika wanakuja Naliendele kujifunza. Hapo swali liliulizwa Mtwara, na aliyesubiri jibu alikuwa mkulima wa kilomita chache kutoka getini, akiona haifanyi kazi anakuja kukugombeza ofisini. Huo ndo usimamizi wa utafiti ninaoutaka, kuliko ripoti ya robo mwaka kwa Kiingereza.

Na sisi utafiti huo tukaufanyia nini? Kulikuwa na ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje ya nchi, na sheria ikisema asilimia 65 ya ushuru huo irudi kwenye kuendeleza zao, pembejeo, utafiti na mengine. Juni 2018 Bunge letu, letu wenyewe hilo, liko Dodoma siyo Berlin, likapitisha hela yote iende mfuko mkuu wa serikali. Wabunge wa Kusini walipiga kelele mpaka sauti zikakauka. Baadaye sehemu ikaahidiwa irudi kwenye kilimo, lakini mche wa korosho haungoji kikao.

Nchi za Afrika zimekubaliana muda mrefu kwamba kila moja itenge angalau asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti. Wanaofika huko ni wa kuhesabu, na sisi hatujafika. Tunakwenda kwa mfadhili tumekunja mikono, tunataka atuulize tunataka kutafiti nini, wakati kwenye meza hatujaweka hata shilingi. Atakuuliza kwa sababu gani?

Nina mapendekezo, haya hapa, siyo mengi. Kwanza wenzetu wa AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, najua humu kuna wawili. Kwenye makato yote yale tunayokatwa kwenye mnada, mtu anapokea stakabadhi imejaa mistari, tukubaliane shilingi moja ya ziada kwa kilo, moja tu, ya utafiti, na mkutano mkuu wa wanachama ndo useme mwaka huu tunataka nini kitafitiwe. Kwa mavuno ya 2017/18 hiyo ingekuwa zaidi ya milioni 313. Siyo hela ya kujenga maabara ya Ulaya, ila ni hela ya kumwambia mtafiti njoo, tuna swali, na tuna nauli yako.

Pili halmashauri. Mradi ukija kuripoti kwa mkurugenzi, DMO, mganga mkuu wa wilaya, asiishie kuangalia kibali na kuomba lifti ya gari. Aulize: friza inabaki? Nani Mtanzania anaandika makala ya kwanza? Matokeo yanarudishwa kijijini kwa Kiswahili tarehe ngapi? Viandikwe kabla ya sampuli ya kwanza. Profesa Muyembe wa Kongo, yule aliyechukua damu ya Ebola Yambuku mwaka 1976 kwa mikono mitupu, damu ikaenda Antwerp na umaarufu ukabaki huko huko, alikaa Kinshasa akaijenga maabara miaka mingi mpaka akafika mahali pa kuweza kusema sampuli zinapimwa hapa. Na dawa ya Ebola iliyotokana na damu ya mgonjwa aliyepona Kikwit, kazi ambayo yeye yumo, ilipitishwa Desemba 2020. Miaka 44 hiyo, msinicheke nikisema tuanze mapema.

Na wanaokuja vizuri tuwapokee vizuri. Huku Kilwa na Lindi walikuja wanajiolojia wa Uingereza wakachimba udongo wa mfinyanzi, ndani yake kuna vigamba vya vijidudu vya baharini vya mamilioni ya miaka, vimehifadhika vizuri ajabu, na kwavyo dunia ikajua bahari za joto zilikuwa na joto kiasi gani zamani hizo. Walifanya kazi na TPDC, shirika letu la mafuta, na mtaalamu wetu Joyce Singano aliandika nao makala, jina lipo, siyo shukrani za mwisho wa ukurasa. Inawezekana mbona.

Nyie vijana sina hotuba ndefu kwenu, mmeshachoka naona. Mtu wa biolojia ajifunze takwimu na kompyuta, msiridhike na kukusanya, maana data ikishakusanywa anayejua kuichambua ndo anakuwa mwandishi wa kwanza, na hilo halihitaji mashine ya milioni mia, linahitaji laptopu na bando na kukesha. Walimu, Naliendele ni karibu, pelekeni watoto wakaone mtu anavyochavusha ua la korosho kwa mkono.

Na siku wakija kwako nyumbani na fomu ya ridhaa, hata kama anayekuja ni mimi, pindua mpaka ukurasa wa mwisho. Kuna namba ya simu ya kamati ya maadili, inawekwa kwa lazima, na kwa miaka yangu yote sijaona mtu akiipiga. Ipige, uliza majibu ya mama yako yako wapi.

Haya, maswali. Tuanze na wa Mipingo.